Mshumaa wa Kumi na Tano na Siku Nisiyoikumbuka

Nilisimama mbele ya watu tisini, kipaza sauti mkononi, nikamsimulia binti yangu siku moja nzuri niliyowahi kuwa naye. Watu walilia. Shangazi zake walilia mpaka wanja ukachuruzika mashavuni.

Tatizo lilikuwa moja tu. Siku ile sikuwepo.

Na mimi mwenyewe nilikuwa sijui kwamba sikuwepo.

Tulia nikusimulie, maana jambo hili limenikaa kooni mwaka mzima, na sitaki mtu mwingine aingie mkenge niliouingia mimi.

Naitwa Anselmo. Watu wa Goya wananiita Chelo. Ni fundi friji, na huku mtoni kaskazini mwa Argentina, joto la Februari likikukuta huna barafu utaanza kuongea peke yako, kwa hiyo fundi friji halali njaa. Nilikuwa na karakana yangu, mke wangu Griselda, na binti mmoja, Brisa.

Halafu nikaugua.

Haukuwa ugonjwa wa kulazwa. Hakuna aliyeniletea hata chungwa. Niliamka asubuhi moja nikashindwa kuvaa viatu. Viatu vipo, miguu ipo, lakini nilikaa pale kitandani saa mbili nzima nikiviangalia. Kesho yake hivyo hivyo. Wateja wakapiga simu mpaka wakachoka, karakana nikaifunga.

Griselda alivumilia mwaka na nusu. Simlaumu, jamani. Siku ya siku alifungasha, akamchukua Brisa, wakahamia kwa mama yake mitaa sita kutoka kwangu.

Mtaani wakasema Chelo kawa mvivu. Wengine wakasema karogwa. Mdogo wangu Lolo, anayewapeleka watalii kuvua samaki, akasema ninachohitaji ni mwanamke mpya na kunyoa ndevu.

Kumbe ni sonona. Aliyeniambia ni mama mmoja wa hospitali ya serikali anaitwa Noemí, mwanasaikolojia, mtu wa maneno machache ambaye muda wote ana chupa ya tereré pembeni, ile chai yetu ya baridi ya majani machungu.

Siku ya kwanza alinipa mtihani wa ajabu.

"Nitakupa neno," akasema. "Uniambie siku moja ya maisha yako inayohusu neno hilo. Sitaki mazoea, nataka siku. Neno ni furaha."

"Nilikuwa nafurahi nikienda kuvua samaki."

"Lini?"

"Enzi zile. Kila Jumapili."

"Nichagulie Jumapili moja."

Nikatafuta. Haki ya Mungu nilitafuta. Nikaona mto, nikaona mtumbwi, lakini hakuna siku hata moja iliyosimama. Zote zilikuwa zimechanganyika kama uji.

"Sawa," akasema. "Neno jingine. Aibu."

Hapo nikampa siku tatu papo hapo, na rangi ya shati nililovaa.

Noemí akaandika kitu. Akanieleza kwamba sonona huwafanyia watu wengi hivyo. Akili inafika mlangoni mwa siku fulani, inaogopa kuingia, inageuza na kukuletea muhtasari tu. Mabaya yenyewe hayangoji kualikwa. Mtu anaishia kuamini hajawahi kuwa na siku njema, na hajawahi kumfanyia mtu jema.

Nilimsikia. Ila kusikia ni kitu kimoja.

Sasa njoo kwenye balaa lenyewe.

Griselda alipata kazi Uhispania, mji wa Málaga, kuwatunza wazee. Dada yake yuko kule miaka mingi. Alitaka kuondoka Machi na Brisa. Sheria yetu inasema mtoto chini ya miaka kumi na minane haondoki kwenda kuishi nje bila sahihi ya wazazi wote wawili, mbele ya wakili mwenye muhuri.

Akaja nyumbani kwangu na karatasi.

"Baba Brisa, miadi kwa wakili ni Jumanne, siku tatu baada ya sherehe ya mtoto. Utasaini?"

"Nitasaini."

"Hivyo tu?"

"Ulitaka nikatae?"

Akaikunja karatasi. "Nilitaka angalau uulize anaondoka tarehe ngapi."

Akaondoka bila kuaga.

Nataka unielewe hapa. Sikukubali kwa sababu simpendi mwanangu. Nilikaa usiku ule nikaihoji akili yangu kama polisi. Umemfanyia nini huyu mtoto? Ikajibu, hakuna. Umewahi kumchekesha? Ikajibu, sioni. Nikasema basi, baba wa namna hii aachie mtoto aende. Shahidi wangu pekee, akili yangu, alikuwa mgonjwa na mimi nikahukumu kwa maneno yake.

Wiki hiyo hiyo Brisa akaja.

Alikuwa na nywele ndefu kuliko nilivyozizoea, na kanyooka kama mama yake. Hakukaa. Akaegemea mlango.

"Baba, unajua mambo ya mishumaa?"

Nani asiyejua? Huku msichana akitimiza miaka kumi na mitano anafanyiwa sherehe ya kufa mtu. Kilele chake ni mishumaa. Anawasha kumi na tano, anaita watu kumi na tano wa maisha yake, mmoja mmoja, kila anayeitwa anaambiwa maneno. Ulinifundisha hili, ulinifanyia lile. Wasichana huanza kuandika maneno hayo miezi mitatu kabla na wanalia wakiyaandika.

"Mimi nageuza," Brisa akasema. "Mimi sisemi. Nikikuita kuchukua mshumaa, wewe ndiye unayesema. Unaniambia siku moja, ya mimi na wewe. Na sitaki 'wewe ni mtoto mzuri.' Nataka siku."

"Bibi yako kakubali?"

"Bibi kasema nimechanganyikiwa. Wewe ni wa kumi na tano."

"Wa mwisho?"

"Wa mwisho. Usiniangushe, baba."

Aisee. Alipofunga mlango nilijiona kama mtu aliyeambiwa aruke mto.

Wiki mbili. Nilitoa albamu zote. Namwona mwanamume ana pua yangu, kamshika mtoto kwenye bwawa la kuogelea, wote wanacheka. Nilimwangalia mtoto yule nikahisi naangalia picha za mtoto wa jirani. Ninajua ni Brisa. Lakini ile siku, maji yalikuwa baridi? Tulikula nini? Hamna.

Noemí akaniambia, "Mwambie ukweli."

"Nimwambie mwanangu sikumbuki hata siku yake moja?"

"Mwambie unaumwa."

Nikaona aibu. Mwanaume mzima. Nikaenda kwa Lolo.

Nilimkuta chini ya turubai, anaparua samaki mkubwa. Nikamweleza shida yangu. Akacheka kwanza, halafu akaona sicheki.

"Kaka, unanitania."

"Nipe moja, Lolo. Wewe ulikuwa nasi kila mahali. Nipe siku moja mimi na Brisa."

Akaparua, akaparua. Akafuta kisu.

"Haya. Brisa ana miaka sita. Tuko kule kwenye mawe. Akakanyaga kambare, mwiba ukamzama kisiginoni. Ukamnyanyua, ukamtupia begani, ukakimbia naye mpaka zahanati. Mitaa kumi na miwili, pekupeku, kwenye lami ya moto! Njia nzima unamwimbia wimbo wa kipuuzi wa chura anayetafuta mchumba. Mlipofika, miguu yako ilikuwa na damu nyingi kuliko wa kwake. Nesi hakujua aanze na nani."

"Mimi?"

"Nani mwingine?"

Nilirudi nyumbani nikiimba wimbo wa chura. Niliirudia hadithi ile mpaka nikaanza kuiona. Lami, zahanati, nesi. Niliiona kabisa, ndugu yangu. Nikasema kumbe nilikuwa mtu.

Jumamosi ikafika.

Sherehe ilikuwa ya mchana, maana bibi yake hawezi kukesha na ukumbi wa klabu ya wavuvi mchana ni nafuu. Nje nyama inachomwa, ndani kinanda cha mkononi kinapigwa, wazee wanacheza. Brisa kavaa gauni la buluu lililojaa mpaka anapita mlangoni kwa ubavu. Nilikuwa na shati jipya. Nilinyoa.

Mishumaa ikaanza.

Mama wa ubatizo alisimulia jinsi Brisa alivyokula ubani wote wa kanisani akidhani ni peremende. Ukumbi mzima ukacheka. Rafiki yake wa darasani akasimulia. Mwalimu wa dansi akasimulia. Griselda akasimulia asubuhi ya kwanza ya shule, akashindwa kumaliza.

Brisa alikuwa anatabasamu kwa kila mmoja. Tabasamu lile lile. Anabusu, anatoa mshumaa, anaita mwingine.

"Baba yangu."

Nikaenda. Nikachukua kipaza sauti, nikaanza na kambare, nikaenda na lami ya moto, nikaimba na ule wimbo. Nikamwangalia Lolo, naye kainamia sahani. Watu wanafuta machozi. Bibi yake, ambaye hanisalimii tangu mwaka juzi, kashika leso.

Nilimaliza. Nikamkumbatia mwanangu.

Akaninong'oneza sikioni, "Baba, huyo alikuwa baba mdogo."

"Nini?"

"Aliyenibeba. Alikuwa baba mdogo Lolo. Wewe hukuwepo siku ile. Nilikuita njia nzima."

Sasa, kile kipaza sauti nilikuwa bado nimekishika, katikati yetu. Kilikuwa hakijazimwa.

Kila neno likatoka kwenye spika.

Lolo kaganda, kipande cha soseji kiko kwenye uma karibu na mdomo. Bibi akasema, "Mama Bikira wa Itatí!" na kupiga ishara ya msalaba.

Griselda akaja mpaka mbele. Akiniita jina langu lote ujue kimenuka.

"Hata siku moja, Anselmo? Miaka kumi na tano, na hata siku moja ukaenda kuazima?"

Lolo akainuka. "Shemeji, kosa ni langu. Mtoto alikuwa analia kafumba macho, mimi nikajua hatakumbuka nani alimbeba!"

"Kaa chini wewe!"

Nikaweka mshumaa mezani. Nikala kona.

Nilikwenda karakana. Sikuwa na pengine. Nikajifungia ndani ya giza na harufu ya gesi, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kati ya mafriji mabovu. Nilijua Jumanne nitasaini, na baada ya hapo nisingekuwa na haki ya kumpigia hata simu. Hilo ndilo lililonitafuna. Nilikuwa nimepewa nafasi moja ya kumwonyesha mwanangu kwamba alikuwa na baba, nikaijaza uongo.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Saa hiyo Goya yote imelala, hata mbwa. Nikasikia mlango wa bati unagongwa.

"Fungua. Najua upo, unahema kama ng'ombe."

Nikafungua. Brisa alikuwa juani na gauni lake lote, kalikusanya mkononi, chini kavaa raba. Pindo lilikuwa jekundu kwa vumbi. Alikuwa ametembea.

Akaingia, akakaa juu ya kompresa.

"Kwa nini ulidanganya?"

"Lolo ndiye..."

"Baba mdogo nimeshamalizana naye. Nakuuliza wewe."

Nikachoka. Kuna mahali mtu anafika hana pa kujificha tena.

"Sina, Brisa."

"Huna nini?"

"Sina siku. Najua nilikuwa nakupeleka shule. Najua Jumapili tulikuwa tunakula tambi. Lakini siku yenyewe, yenye mvua au yenye jua, sina hata moja. Nimetafuta wiki mbili. Ni ugonjwa, naenda hospitali kila Alhamisi kwa ajili yake. Nilipaswa kukwambia. Nikaogopa utadhani sikukupenda."

Nilingoja alie au anitukane. Hakufanya hata moja.

"Ukiangalia picha," akasema taratibu, "unahisi kama ni za mtoto wa jirani?"

Maneno yale sikuwahi kumwambia mtu. Hata Noemí.

"Nani kakwambia hivyo?"

"Hakuna."

"Brisa. Nani kakwambia?"

Alikuwa anachezea vumbi kwenye pindo la gauni.

"Baba, unadhani kwa nini niliigeuza ile mishumaa?"

Nikamkumbuka alivyoegemea mlango siku ile.

"Novemba niliandika majina kumi na tano kwenye daftari. Chini ya kila jina nikaacha nafasi ya kuandika maneno. Mpaka Januari nafasi zote zilikuwa tupu. Sikuwa na cha kumwambia mtu yeyote. Hata mama. Nikasema basi, wao ndio waniambie. Labda wakiniambia nitakumbuka. Leo nimesikiliza watu kumi na wanne, baba, hakuna hata moja iliyoingia. Ya kwako peke yake ndiyo niliitambua, kwa sababu ilikuwa mbaya. Mabaya yanakuja yenyewe."

Nitakwambia ukweli, na unihukumu ukitaka. Kitu cha kwanza kilichofika ulimini mwangu kilikuwa: una miaka kumi na tano, wewe una huzuni gani?

Kilifika kabisa. Ni maneno yale yale niliyoambiwa mimi na kila mtu, una afya, una karakana, una huzuni gani. Nikayameza. Sijui ni malaika gani alinishika mdomo.

Nikasogeza ndoo karibu yake.

"Tangu lini?"

"Agosti. Labda kabla."

"Unalala?"

"Naamka saa kumi, silali tena."

"Chakula?"

"Nakula mama akiniangalia."

Niliyajua yale maswali, nilishaulizwa yote. Nilijua na linalofuata. Niliogopa kuliuliza kuliko nilivyowahi kuogopa kitu maishani, lakini Noemí alishaniambia kwamba kuliuliza hakumtii mtu wazo kichwani.

"Umewahi kutamani usiwepo?"

Akakung'uta pindo la gauni. Nikangoja.

"Nilikuwa nasubiri sherehe ipite," akasema. "Sikutaka kumharibia mama."

"Halafu?"

"Halafu sijui."

Jamani. Nilimshika yule mtoto na gauni lake lote. Nilimshika mpaka akasema namuumiza, nikalegeza kidogo, sikuachia. Akalia hatimaye. Nami nikalia. Nilikuwa sijalia miaka miwili, nilidhani machozi nayo yamekauka.

Griselda akatukuta hivyo. Alikuja anakimbia, viatu mkononi.

"Unamfanya nini mtoto?"

"Mama Brisa, kaa chini. Brisa anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Ninachoumwa mimi."

Akapandwa na mori. "Usithubutu! Unataka kumwambukiza mtoto upuuzi wako ili asiondoke? Jumanne imefika ndiyo umekumbuka kuwa baba?"

Nani angeniamini, mimi niliyetoka kusema uongo kwenye spika?

Brisa ndiye aliyejibu.

"Mama, niulize siku moja nzuri."

"Nini?"

"Niulize tu. Siku yoyote nzuri, mimi na wewe."

Griselda akatazama huku na huku. "Si ile siku mliposhinda dansi..."

"Hiyo umeisema wewe. Mimi sina, mama. Niliisikiliza na ya shule leo, uliyosimulia ukilia. Nilikuwa nakuonea huruma wewe. Mimi sikuwamo."

Griselda alikaa pale pale sakafuni, kwenye mafuta, na nguo yake ya sherehe. Alimvuta Brisa mapajani kama mtoto mchanga. Baada ya muda akaniangalia juu ya kichwa cha mtoto.

"Tunafanya nini?" akaniuliza.

Miaka miwili hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali hilo.

Hatukungoja Jumatatu. Nilimpigia Noemí saa ile ile, akatupokea hospitali jioni ile na daktari wa zamu. Watu walidhani tumetoka kwenye mchezo wa kuigiza, gauni la buluu, mama ana mafuta mgongoni, baba macho mekundu. Siku zile za kwanza hatukumwacha Brisa peke yake hata dakika. Tulilala kwa zamu chumbani kwake, mimi, mama yake, bibi na Lolo, aliyekuja na godoro lake bila kuambiwa na akakoroma usiku kucha.

Jumanne wakili alingoja. Hakuna aliyekwenda.

Griselda aliahirisha safari mara mbili. Mwishowe aliondoka Juni, peke yake, maana kazi isingengoja zaidi na mmoja wetu alipaswa kuleta chakula. Alilia stendi mpaka dereva akazima injini kumsubiri. Brisa alibaki nami. Usifikiri nilishinda. Alibaki kwa sababu ya Alhamisi za hospitali, na kwa sababu mimi ndiye mtu pekee ambaye hakuhitaji kumwelezea.

Ile karatasi niliisaini Agosti. Nilimpa Brisa mwenyewe akae nayo. Akipona, akitaka kwenda kwa mama yake, aende. Inaniuma, lakini safari hii nasaini nikijua ninachokiachia.

Nyinyi mnaosoma hapa, nisikilizeni. Ukiwa na mtu nyumbani ukimwambia "unakumbuka ile siku?" akakutazama tu, au anakujibu juu juu, usikimbilie kusema hajali. Usimwambie hana shukrani. Muulize analala vipi. Muulize na lile swali gumu, halafu nyamaza umsikie, na usimwache mwenyewe kabla hamjafika kwa daktari. Na wewe unayeumwa, akili ikikwambia hujawahi kumfaa mtu, usisaini chochote siku hiyo. Mimi nilikaribia kumsafirisha mwanangu ng'ambo ya bahari, akiwa na jambo lile kifuani, kwa ushahidi wa akili iliyokuwa haioni.

Noemí anatufundisha sasa. Anasema usitafute siku nzima, tafuta kitu kidogo. Sakafu. Harufu. Nani alikuwa amesimama wapi. Tunafanya jioni, mimi na Brisa, mezani. Mara nyingi hatupati kitu, tunakula tunalala. Yeye anapata vya wiki hii, na hiyo peke yake ni hatua.

Juzi nilikuwa karakana, nimeshaifungua tena, nafungua friji jipya la mteja. Nikachana boksi kwa kisu, ile karatasi ngumu ikatoa harufu yake, mikono ikasimama yenyewe.

Nilimngoja Brisa atoke shule. Sikumruhusu hata avue begi.

"Ijumaa," nikamwambia. "Mvua inanyesha. Una miaka minne, umevaa mabuti ya kijani. Umepotea. Tumekutafuta mtaa mzima, mama yako anapiga kelele. Nikasikia mtu anakoroma ndani ya boksi la friji, kwenye kona ya karakana. Ukakataa kutoka, ukasema ni nyumba yako. Nikakukatia dirisha kwa kisu, nikakupitishia supu ya maboga, ukaimwaga yote kwenye mkono wa shati langu. Uliniambia, 'Bwana, rudi kesho.'"

Brisa alikuwa amesimama na begi mgongoni.

"Hiyo ni ya baba mdogo?" akauliza.

"Hapana."

"Una uhakika?"

"Lolo alikuwa jeshini mwaka ule. Ni yako na yangu, Brisa. Nilikuwepo."